Dimbwi la Kumi na Tisa

Jumatatu, 27 Machi 1944

Baina ya daraja la Nyali na kivuko cha Mtwapa hakuna mtu aliyezaliwa na damu kama yangu. Mbu akiniuma, siugui mimi, huugua yeye. Hutetemeka, huomba blanketi, kisha hufa. Nimewaona kwa macho yangu wakidondoka ukutani. Asiyeamini na aje Mjambere alale chumbani mwangu, mradi aje na chandarua chake.

Jina langu Kahindi wa Randu. Nimesoma mpaka darasa la nne. La tano lilinishinda kwa sababu mwalimu alikuwa mfupi na hakupenda kutazamwa kwa juu. Leo nimeandikwa kazi ya mafuta ya mbu. Kila dimbwi la upande huu wa Kisauni limepigiwa kigingi chenye nambari, nasi vibarua twapita na madebe tukimwaga mafuta machafu juu ya maji ili viluwiluwi wakose pumzi. Mimi nimepewa daftari pia, kwa kuwa wenzangu hawajui kuandika. Mbele ya daftari naandika madimbwi. Huku nyuma naandika habari zangu, ambazo ndizo tamu zaidi.

Madimbwi 11. Mvua bado.

Alhamisi, 30 Machi

Mwenzangu wa debe ni Kamau, mtu wa bara. Ana mwezi mmoja tu pwani, tayari homa imemlaza mara mbili. Nimemwambia, "Kamau, mbu wa huku wana adabu. Wakikutana na mwenyeji huomba radhi. Wewe mgeni, wanakukaribisha."

Akasema, "Wawakaribishe dada zako." Nimempenda.

Dimbwi nambari 19 liko nyuma ya nyumba yetu. Ni shimo alilochimba marehemu baba apate udongo wa kukandikia kuta. Nyumba ikaisha, baba akaisha, shimo limebaki. Viluwiluwi wake wanene kuliko wote. Nimeandika kwa fahari.

Jumamosi, 1 Aprili

Dada yangu Mbeyu amerudi nyumbani. Mumewe, Kalama, yuko vitani Burma na jeshi, na Mbeyu ana mimba ya miezi sita, ya kwanza. Kwa wakwe zake hakuna mwanamke wa kumtazama, hivyo mzee Gona, babake Kalama, amemleta mwenyewe kwa mama, na mfuko wa mahindi juu. Mtoto akiwa wa kiume ataitwa Gona kama babu yake, ndiyo desturi. Mzee alimtazama Mbeyu tumbo hata akasahau kuaga.

Mbeyu aliponiona alisema, "Kumbe umeota ndevu! Au ni masizi ya sufuria?"

Jumatano, 5 Aprili

Mvua imeanza. Madimbwi 16.

Dresa Mbwana wa zahanati alikuja kututoboa vidole, sisi vibarua, na Mbeyu pia kwa kuwa ana mimba. Huyu mzee ana darubini ya kutazamia damu, na huitunza kuliko mkewe. Jioni akaniita.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. We kijana, wewe ndiye husema mbu akikuuma hufa?"

"Mimi ndiye."

"Basi damu yako ina wadudu wa homa. Tele."

Nilicheka. Nikamwambia sijalala na homa tangu nianze kuvaa suruali. Akasema ndivyo. Kila mdudu wa homa, kwa dhana yake, huingia mwilini amevaa kanzu. Mwili una askari wake, na askari hawamjui mdudu ila kwa kanzu. Mtoto wa pwani huumwa, akapona, akaumwa tena, na kila homa askari hujifunza kanzu moja. Mdudu naye hubadilisha. Mpaka mtu anakuwa kijana, askari wake wameona kanzu karibu zote. Hawammalizi mdudu, ila humkalisha chini. "Kamau hajaona hata moja," akasema. "Kwa hiyo yeye hulala, wewe hupiga domo."

"Na Mbeyu?"

"Kidole cha Mbeyu ni safi kabisa. Hata mmoja sikuuona."

Mwaona? Damu ya ukoo.

Hata hivyo amempa Mbeyu vidonge vya kwinini, vinne kwa kila wiki. Kwinini imekuwa adimu tangu vita, kwa hiyo wanapewa wajawazito na watoto wachanga tu. Kibarua hapati mpaka aanguke. Mimi nitavichukua kila Jumatano nikirudi kazini. Niliuliza mwenye damu safi vidonge vya nini. Akasema, "Mimba ya kwanza ina mambo yake. Mletee ameze, usinisomeshe."

Mbeyu amemeza cha kwanza akakunja uso kama mbuzi aliyelamba ndimu.

Jumapili, 9 Aprili

Pasaka. Kuku mmoja, watu watatu, mimi nimepata shingo.

Jumatano, 12 Aprili

Madimbwi 20. Leo ni habari ndefu.

Kamau alianza kutetemeka tangu asubuhi, jua likiwaka. Debe likamwanguka, mafuta yakamwagika njiani, na mnyapara akamwambia akianguka mara ya tatu atafutwa kazi arudi kwao. Kamau kwao ana mama na wadogo watano wanaomngoja. Tulipokaa kupumzika, wenzetu wakaanza kumcheka, nami nikaongoza.

Nikasema, "Tatizo lako ni damu ya maji. Sisi wa huku tumenyonya homa na maziwa. Hata dada yangu mwenye mimba ametobolewa kidole, hakuna kitu. Dresa ampa kwinini bure tu, kama kumpa samaki maji."

Kamau akanitazama. Meno yanagongana, lakini akanitazama. "Kama ni bure, basi nipe mimi."

Kila mtu akanigeukia. Mmoja akasema, "Haya, Kahindi. Au ni maneno?"

Vidonge vilikuwa mfukoni mwangu, kwani siku hiyo nilipitia zahanati asubuhi kabla ya kazi. Mtu akisema neno kubwa mbele ya watu, nalo likarudi kumtazama machoni, atafanyaje? Nilimpa vyote vinne, tena kwa madaha, kama tajiri atoaye zaka.

Alimeza viwili pale pale bila maji. Akasema, "Mungu akuweke." Sikupenda alivyolisema. Alilisema kweli.

Alhamisi, 13 Aprili

Usiniite mjinga, daftari. Mbeyu sikumwacha hivi hivi. Kwetu kuna mwarobaini, na mti huo unatibu maradhi arobaini, ilhali kwinini inatibu moja. Hesabu hiyo hata mwalimu mfupi angeikubali. Nimetwanga majani, nimeyafinyanga tembe nne, nimezikausha juu ya bati, nikazifunga katika karatasi ya dresa. Nikamwambia Mbeyu kwinini ya sasa ni ya vita, rangi imebadilika.

Akameza. "Hii mbaya zaidi," akasema.

"Dawa ikiwa tamu ni kashata."

Jumatano, 19 Aprili

Madimbwi 24. Kamau hakutetemeka wiki nzima. Nimempa tena. Mbeyu nimempa za kwangu. Natengeneza vizuri sasa, za duara kabisa. Ningefungua zahanati.

Jumapili, 23 Aprili

Mvua.

Jumatano, 26 Aprili

Madimbwi 27. Barabara ya Kisauni ni uji. Nilitembea kutoka zahanati mpaka nyumbani viatu mkononi. Mama alinikausha kichwa kwa kanga yake, akasema, "Ndugu kama huyu wako wangapi?" Mbeyu akasema, "Mmoja, na ashukuriwe Mungu, wawili wangetuua kwa kelele."

Kamau amenenepa.

Jumatano, 3 Mei

Mzee Gona alikuja kumtazama mkwewe. Mama akamweleza jinsi ninavyofuata dawa kila wiki, mvua isimame isisimame. Mzee akaaga, akaenda zake. Akarudi jioni kutoka kwake, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi, na jogoo mwekundu kwapani. Akanipa mimi kwa mikono miwili. "Mjukuu wangu ana mjomba," akasema.

Jogoo mkali. Nimemwita Bwana Shauri. Huwika saa anayotaka.

Madimbwi 28.

Jumanne, 9 Mei

Mbeyu anachoka. Akienda kisimani hukaa njiani mara mbili. Nimemwambia anajifanya malkia. Akanirushia kata ya kuchotea maji, haikufika.

Hana homa. Nimemgusa shingo mwenyewe. Baridi kama mtungi.

Ijumaa, 12 Mei

Mama amemgeuza Mbeyu kope za macho, kwa ndani zimekuwa nyeupe. Viganja vilevile. Mama anasema ni mtoto anakunywa damu, watoto wa kiume huwa na pupa. Mbeyu anakula udongo wa ukuta, anaumega kidogo kidogo karibu na dirisha. Nikamwambia, "Kula pole pole, utatuacha bila nyumba." Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akahema muda mrefu.

Jumatatu, 15 Mei

Kamau amepata kazi Changamwe, upande wa reli. Ameondoka leo na sanduku lake la mbao. Nguvu tele. Tulipoagana akanishika mkono akasema, "Mwambie dada yako ahsante. Mwambie mama yangu anamwombea." Nikasema nitamwambia.

Debe sasa nabeba peke yangu.

Jumatano, 17 Mei

Madimbwi 31. Mvua. Hakuna habari.

Jumatatu, 22 Mei

Madimbwi 31. Mafuta yamechelewa kufika, viluwiluwi wanashangilia.

Jumatano, 24 Mei

Zahanati. Dresa aliuliza, "Anameza?" Nikasema anameza. Si uongo.

Jumatano, 31 Mei

Madimbwi 33. Dresa alipita nyumbani akamtoboa Mbeyu kidole tena. Darubini haikuonyesha kitu, ila akasema damu imekuwa nyepesi mno, mama ampeleke hospitali ya ng'ambo ya daraja akalazwe huko. Mama akasema wiki ijayo, mvua ikipungua. Nilifurahi kusikia kidole kisafi. Nilifurahi kupita kiasi. Nikampa Bwana Shauri mtama viganja viwili.

Ijumaa, 9 Juni

Sijaandika siku tisa. Naandika sasa kwa kuwa nikinyamaza naisikia nyumba.

Uchungu ulimshika Mbeyu juzi Jumatano adhuhuri, mwezi ukiwa haujatimia. Mama alinituma nikamwite mkunga, Bi Mwanatabu. Nilikimbia. Naweza kukimbia, hilo si majivuno. Bi Mwanatabu alimtazama Mbeyu usoni kabla ya kutazama pengine popote, akaniambia, "Mwite na dresa. Huyu hana damu ya kupoteza."

Mtoto alizaliwa Alhamisi alfajiri. Wa kiume. Nilimwona. Alikuwa mdogo hata Bi Mwanatabu akamshika kwa mkono mmoja na mwingine ukabaki hauna kazi. Hakulia, alifanya sauti kama mlango wa kabati. Mama akaenda akamwita Gona sikioni, jina limfikie mapema. Mbeyu akamweka kifuani ndani ya kanga, na mimi nikatumwa niote moto, yaani nitoke.

Dresa Mbwana, niliyemkosa zahanati nikamwachia ujumbe, alifika jua likichomoza, magoti yote matope. Akamtibu Mbeyu alivyoweza. Kisha akasema anataka tone la damu kutoka katika kondo la nyuma.

Mama akasimama. "La. Kondo la mjukuu wangu si la kuchezewa. Linazikwa nyuma ya nyumba, na halitazamwi na mwanamume."

"Mama Kahindi, tone tu. Nataka kujua kitu."

"Kujua kwako kutamnenepesha mtoto?"

Bi Mwanatabu ndiye aliyemaliza. Alichukua kigae cha kioo cha kuwekea damu mkononi mwa dresa, akaingia ndani mwenyewe, akatoka nacho kina alama nyekundu, akampa akiwa ametazama pembeni. Kisha wakazika kondo kama desturi. Mama alichimba karibu na dimbwi 19 kwa kuwa udongo wa pale ni laini.

Gona mdogo alikaa mpaka alasiri. Mbeyu alidhani amelala.

Jumamosi, 10 Juni

Tulimzika jana. Kisanduku nilitengeneza mimi, kwa mbao za kasha la sabuni. Mzee Gona alikibeba peke yake na hakutaka msaada. Kaburini alinishika bega akasema, "Wewe ulifanya lako, mwanangu. Mungu amefanya lake."

Jumatatu, 12 Juni

Dresa aliniita zahanati. Alisema nimsaidie kuandika majina katika kitabu, lakini kitabu hakukifungua. Akanikalisha kwenye darubini.

"Hicho kioo cha kwanza ni damu ya kidole cha dadako, ya siku ileile ya kuzaa. Waona nini?"

Niliona viduara vya rangi ya waridi, visafi, vimetapakaa. Nikasema, hakuna kitu.

"Sasa hiki. Damu ya kondo."

Sijui nitaliandikaje. Pametapakaa weusi. Wadudu juu ya wadudu, na vidoa vya masizi kila mahali, kama dari ya jiko. Nikaondoa jicho, nikarudisha. Vilikuwepo.

Dresa akasema, "Walikuwa mle siku zote. Ile kanzu niliyokwambia. Mimba ya kwanza, kondo ni nyumba mpya, mwili haujawahi kuwa nayo. Mdudu hupata kanzu nyingine ya kukaa mle tu, akajishikiza ukutani asitoke. Kidole hakimwonyeshi. Askari wanalinda mji mzima, nyumba ile hawajui kama ipo. Mwanamke hana homa, na mtoto anakosa chakula. Mimba ya pili huwa nafuu, ya tatu zaidi. Madaktari hawajakubaliana sababu, hayo ya kanzu ni yangu mimi. Ila ndiyo maana nikampa kwinini mwenye kidole kisafi."

Yeye akawa anafuta kioo kwa kitambaa.

"Kinachonishinda," akasema, "ni kwamba alimeza wiki tisa. Kwinini ingalau ingewapunguza. Labda dawa ya siku hizi ni mbovu. Nitawaandikia wakubwa."

Akanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu. Akasema, "Nenda nyumbani, mwanangu. Ulitembea sana."

Jumanne, 13 Juni

Madimbwi 29.

Alhamisi, 15 Juni

Mbeyu ameketi leo mara ya kwanza. Maziwa yamekuja na hakuna wa kuyanyonya, mama amemfunga kifua kwa kitambaa. Akaniita niandike barua kwa Kalama.

"Mwandikie nilibeba maji," akasema.

"Nini?"

"Mwezi wa nne nilibeba mitungi miwili kwa siku. Mama alinikataza. Na udongo nilikula. Mwandikie ni mimi, asije akamlaumu mtu."

Nikashika kalamu. Jogoo akawika nje, yule mwendawazimu.

"Andika basi, Kahindi. Hata utani huna leo?"

Niliandika "Mpendwa shemeji". Nikamwambia wino umekwisha.

Jumapili, 18 Juni

Mvua imekatika. Madimbwi 14. Nambari 19 bado limejaa.

Asubuhi nilimrudishia mzee Gona jogoo wake. Aliudhika, akauliza kama zawadi yake ilikuwa ndogo. Nikasema jogoo anamsumbua mgonjwa. Akampokea. Nimetembea saa nzima kwenda kusema hilo tu, na lile jingine nimerudi nalo.

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Mtu angesoma angesema, kijana huyu alikosea kwa kutojua. Alimhurumia mgeni, alidanganywa na kidole kisafi, aliamini mwarobaini. Hayo nimeyaandika yote, na nusu yake nimejisifu. Kama mambo yangekuwa hayo tu, ningeimaliza barua ya Kalama.

Lakini tarehe 17 Mei niliandika, "Hakuna habari."

Habari ilikuwepo. Kamau alikuwa ameondoka tangu Jumatatu. Nilitoka zahanati na vidonge vinne, na hakuna wa kumpa ila mwenyewe. Nilivitia mfuko wa kulia. Tembe zangu zilikuwa mfuko wa kushoto. Njia nzima nilisema, leo nitampa vya kweli. Nikaingia. Mbeyu alikuwa ameketi mkekani, ameegemea ukuta anaoula, akanyoosha mkono. Nami nikafikiri: vya kweli ni vyeupe. Ataona. Atauliza zile nyingine zilikuwa nini. Nikatoa za kushoto.

Akainusa moja. Akaimega kwa kucha. "Kahindi," akasema pole pole, "hili ni jani. Hivi ni vya dresa kweli?"

Hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa ngapi. Mtoto alikuwa hai, alikuwa akimpiga teke, aliniambia baadaye. Kulikuwa na wiki tatu.

Nikacheka. Nikamwambia amekuwa daktari siku hizi. Akaendelea kunitazama, basi nikamwapia. Nilimwapia kwa kaburi la baba.

Akasema, "Haya, ndugu yangu," akameza.

Nikatoka nyuma ya nyumba. Vile vinne vyeupe nikavitupa dimbwi la kumi na tisa, kisha nikalimwagia mafuta.